Nilivyounganisha amplifaya ya marehemu baba na muziki wa mtandaoni

Amplifaya ya baba ilikaa sebuleni miaka kumi bila kuwashwa, imefunikwa kitambaa cha kudarizi na juu yake maua ya plastiki ya mama. Spika zake mbili za mbao zilishageuka meza za kuwekea vikombe. Mimi nilikuwa nasikilizia simu kama watu wengine, hadi usiku mmoja sabufa ya jirani, huku kwetu Chumbageni, Tanga, ilipotutetemeshea madirisha. Nikajiuliza: kwani sisi hatuna vyombo?

Imenichukua miezi minne kufika nilipo, na nusu ya muda huo ni makosa yangu mwenyewe.

Kosa la kwanza lilikuwa nyuma ya amplifaya. Kuna matundu mekundu na meupe, kila jozi na jina lake: PHONO, TUNER, TAPE, AUX. Nikaona PHONO, nikasema hii si ndiyo ya simu? Nikachomeka. Sauti iliyotoka ilikuwa kama mtu anapiga kelele ndani ya debe. Fundi redio wa Ngamiani, mzee aliyekuwa akimtengenezea baba deki, alicheka hadi akavua miwani. "Mwanangu, hapo ni pa santuri." Sindano ya santuri hutoa mawimbi hafifu sana, kwa hiyo tundu lile huyakuza kama mara mia kisha hurekebisha besi. Kutia simu pale ni kumlisha mtoto mchanga pilau. Simu huingia AUX, au hata TAPE au TUNER. Akanipa na agizo la pili: nisafishe matundu yote kwa pamba na spiriti. Tanga tunafurahia upepo wa bahari, lakini chumvi yake inakula vyuma, na spika ya kushoto iliyokuwa ikikatakata ilipona kwa usafi tu.

Baada ya hapo nikanunua kidude cha Bluetooth, shilingi 15,000. Kwa bei hiyo sikilaumu sana. Sauti inapita, na ukikaa sebuleni hapohapo haikatiki. Shida ni kwamba kila kilicho kwenye simu kinapita nacho. Mchana mmoja ujumbe wa sauti wa WhatsApp kutoka kwa shangazi, unaohusu deni la mtu tunayemjua sote, ulisikika mpaka kwa muuza mihogo. Na ukienda jikoni na simu, muziki unaanza kukwama.

Nikakiweka kando, nikachukua simu yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, nikaiunga kwa waya wa 5,000: upande mmoja pini ya spika za masikioni, upande wa pili zile pini mbili nyekundu na nyeupe. Haina laini, kwa hiyo haipigiwi. Nasema kweli, kama bajeti yako ni ndogo ishia hapa. Sauti ilikuwa safi kuliko ya kile kidude. Kasoro ni mvumo wa chini chini unaotokea ukiiacha kwenye chaji huku inapiga. Mama alidhani kuna nyuki. Ukichomoa chaja, kimya. Umeme unapita njia mbili, wa chaja na wa amplifaya, na tofauti yao ndiyo inayosikika. Kuna kikopo kidogo cha kukata mvumo huo kinachowekwa katikati ya waya, ila mimi nilikuwa nachaji mchana na kusikiliza usiku.

Kilichonifanya nitoe fedha zaidi, karibu 250,000 na usafiri, ni kiboksi cha kupokea muziki kwa waifai. Ni kidogo kama sabuni ya kipande, hakina kioo, kinakula umeme wa chaja ya simu. Tofauti yake na Bluetooth ni hii: kwenye Spotify, programu ya kusikilizia muziki wa mtandaoni, ukichagua kiboksi, chenyewe ndicho kinachovuta wimbo kutoka mtandaoni. Simu inabaki rimoti tu. Upigiwe, utoke, chaji iishe, muziki unaendelea.

Kukifunga ndiko kulinipotezea jioni mbili. Kwanza nilikiunganisha na hotspoti ya simu yangu, nikafurahi, kisha nikatoka kwenda sokoni na intaneti yote mfukoni. Kinahitaji ruta inayokaa nyumbani. Nilipopata ruta, simu na kiboksi havikuonana: ruta ina mitandao miwili, simu iko ule wa kasi wa 5 GHz, kiboksi kinajua wa 2.4 tu. Nilihamisha simu kwenye 2.4 wakati wa kukifunga, kikaingia.

Sasa bando, maana hili ndilo kila mtu ananiuliza. Spotify, iliyoingia Tanzania mwaka 2021, hukuachia uchague ubora wa sauti. Ukiweka kilobiti 160 kwa sekunde, saa moja inakula takriban MB 72. Ukipandisha hadi 320, ni MB 144. Sisi tunasikiliza kama saa tatu kwa siku, kwa hiyo mwezi ni GB 6 na nusu kwa 160, au 13 kwa 320. Nilizijaribu zote mbili kwenye spika hizi, nimefumba macho, mdogo wangu akibadilisha. Nilikisia tu. Nimebaki 160. Kwa kusikiliza muziki, video za YouTube ziacheni. Mnalipia picha msizozitazama.

Jambo ambalo hakuna kiboksi kitakachonitatulia ni muziki wenyewe. Bongo Fleva imejaa tele. Lakini mama hakutaka Bongo Fleva. Aliniambia, "Niwekee Black Star." Nikaandika Black Star, wakaja Wamarekani wa kurap. Kumbe kundi lake la taarabu la hapa Tanga inabidi uliandike Black Star Musical Club, jina zima, na hata hapo unaokota vipande. Mji huu ulikuwa na Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, Lucky Star, taarabu yenye magita iliyotufanya tujulikane, na mengi yake nimeyakuta kwenye YouTube, yamepandishwa na watu binafsi kutoka kwenye kaseti, na mchakacho wake. Hapo kanuni yangu ya bando nimeivunja. Sauti ya Shakila, mwimbaji wa taarabu, ilipotoka kwenye spika zile, mama aliacha kuchambua mchele, akakaa. Hakusema kitu mpaka wimbo ulipokwisha, kisha akaniuliza kama inaweza kurudi mwanzo.

Kulipia Spotify mimi nimetumia kadi ya mtandaoni ya kwenye simu na imekubali. Umeme ukikatika kiboksi huchukua kama dakika moja kuamka, na hakianzi kupiga chenyewe.

Mama rimoti hataki kujifunza. Ananipigia kazini: "Badilisha huyu." Na kwa kuwa Spotify inakiona kiboksi kupitia akaunti yangu, nambadilishia nikiwa bandarini.