Kurekodi besi kwenye studio ya kulipia kwa saa: uzoefu wangu

Kama mradi wako wa muziki chuoni una gitaa la besi na bwenini hakuna chumba kimya, studio ndogo ya mtaani inatosha kabisa. Mimi nilikodi moja hapa Dar es Salaam, shilingi 20,000 kwa saa, na nitarudi. Jina silitaji kwa sababu nina lawama pia.

Wimbo wetu ni wa dansi, dakika nne. Ngoma na gitaa la rithim tulishaziingiza, ikabaki besi. Kabla ya kwenda nilimtumia fundi mitambo spidi ya wimbo na rekodi ya mazoezi, nikaandika kwenye karatasi ubeti unaanza dakika ya ngapi, kiitikio wapi, sebene wapi. Karatasi hiyo iliokoa pesa: tukitaka kurudia kipande, anaenda pale pale bila kutafuta. Nyuzi mpya nilifunga siku chache kabla, maana zikiwa za leo leo zinalegea kila baada ya muda na saa inakwenda.

Fundi ndiye sababu ya kuwasifu. Hata sijaketi, akauliza, “Kaka, besi yako inatumia betri?” Inatumia, ile ya volti 9. Akasema ikikaribia kuisha sauti inakwaruza na watu wanasingizia waya, basi akaweka mpya. Kisha akachomeka besi kwenye DI boksi, kisanduku kinachopeleka sauti ya besi moja kwa moja kwenye mitambo bila maiki: mkondo mmoja ukaenda safi kwenye kompyuta, mwingine kwenye amplifaya niisikie ninavyopenda. Mimi nilitaka tuweke maiki mbele ya amplifaya tu. Akacheka, akanikumbusha kwamba James Jamerson, mpiga besi wa lebo ya Motown ya Marekani, alirekodi kwa kuchomeka moja kwa moja. Sikuwa na jibu.

Palikuwa na mngurumo mdogo kila nikiacha kupiga. Wengine wangesema watausafisha baadaye kwenye programu. Yeye akazima taa ya tyubu iliyokuwa juu ya kichwa changu, mngurumo ukapungua. Akaniambia nigeuze kiti kidogo kulia, ukaisha. Tukarekodi gizagiza, na mwanga wa skrini tu.

Wimbo wote nilipiga mfululizo kwanza, ndipo tukarekebisha vipande. Kwa dansi nashauri hivyo hivyo, kwa sababu besi ya sebene ikiunganishwa vipande vipande inapoteza mwendo, hata kama kila noti imekaa mahali pake.

Sasa lawama. Mteja aliyenitangulia alichelewa kutoka, lakini saa yangu ikaanza kuhesabiwa nikiwa bado kwenye benchi la nje. Nilibishana, nikarudishiwa nusu tu. Spika zao nazo ni ndogo mno kwa kazi hii: uzi wa E, ule mnene kuliko zote, ukipigwa wazi unatoa kama hertz 41, sauti ya chini sana, na pale huisikii sawasawa. Beba hedifoni zako, na usihukumu besi kwa spika ya simu.

Jingine ni mafaili. Walinitumia MP3 kwa WhatsApp. MP3 huongezewa ukimya kidogo mwanzoni, hivyo besi ikawa nyuma ya ngoma nilipoiweka kwenye mradi. Dai WAV (faili la sauti lisilobanwa), biti 24, kilohertz 48, zote zianzie sifuri, yaani mwanzo kabisa wa wimbo, ile safi ya DI iwe peke yake na ya amplifaya peke yake. Faili moja la mono la dakika nne lina kama MB 35, kwa hiyo nenda na flashi yako na unakili kabla hujalipa. Ile safi ndiyo muhimu zaidi. Mwalimu akisema besi imekuwa nzito, utaibadilisha mwenyewe bila kulipa saa nyingine.

Kwa ujumla nyota nne kati ya tano. Ukienda Jumamosi omba saa ya kwanza asubuhi, kabla vijana wa singeli hawajajaa mlangoni.