Kitabu cha fiziolojia kwa mwanafunzi wa udaktari Dodoma: kipi ununue, kipi uazime

Usianze na bei. Fungua sehemu ya mfumo wa chakula ujiulize: nikiisoma hii, nitaweza kueleza kwa nini mgonjwa asiye na kiungulia anaamka sauti imekwaruza, anakohoakohoa, anahisi donge kooni?

Jibu liko kwenye milango miwili ya umio. Wa chini hukaa umebana kwa shinikizo la takribani mmHg 30. Ukilegea, iwe kwa chakula chenye mafuta mengi au pombe (mvinyo wetu wa zabibu haujasamehewa), tindikali ya tumbo hupanda. Ikiupita na mlango wa juu, imefika kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Umio hujilinda: misuli yake huisukuma tindikali irudi chini, na mate yenye bikaboneti huizimua. Zoloto halina ulinzi wa namna hiyo, hivyo tindikali kidogo na kimeng'enya cha pepsini hutosha kuliwasha hata kama kifua hakijaungua. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, au kumeza kukiwa kwa shida, weka kitabu chini uende hospitali.

Kwa kipimo hicho, namba moja ni kitabu cha Linda Costanzo, Physiology. Kina sura 10 tu. Mchoro wake wa seli inayotoa tindikali unaonyesha histamini, gastrini na neva ya vagasi zikiichochea, halafu unaonyesha dawa za simetidini na omeprazoli zinazuia wapi. Mchoro huo utaurudia ukifika famakolojia, somo la dawa. Hiki ndicho cha kutolea hela.

Kitabu cha Guyton na Hall nakipa nafasi ya pili, na najua wakubwa zetu wa wodini watanuna. Kinaeleza kwa utulivu kuliko vyote, lakini kina sura zaidi ya 80, na wengi hukinunua wakaishia kukipanga mezani kipendeze. Azima maktaba, soma sura ya 63 hadi 67 kwa matoleo ya karibuni. Ukikitaka chako, ulizia toleo la Asia Kusini.

Kitabu cha Ganong ni cha tatu: kimebanwa mno kwa mwaka wa kwanza, ingawa kwa marudio kinafaa.

Toleo la nyuma kidogo chukua bila wasiwasi. Pampu ya protoni, ile inayotoa tindikali tumboni, haijabadilika. Kopi ya stesheneri ndiyo ya kukagua: michoro ya rangi ikitoka nyeusi na nyeupe, mishale ya kuchochea na ya kuzuia hufanana.