Kupanga Mjini Pwani: Ufukweni au Mitaa ya Ndani?

Anayetafuta nyumba ya kupanga katika mji wa pwani hukabiliwa mapema na uchaguzi mmoja: akae katika jengo linalotazama bahari, au arudi nyuma mitaa kadhaa, ambako kodi kwa kawaida huwa nafuu.

Nyumba ya ufukweni hupata upepo wa bahari moja kwa moja, kwa kuwa mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake ikapanda, na ile ya baharini iliyo baridi zaidi ikaingia kuchukua nafasi yake. Lakini upepo huohuo hubeba chembe za chumvi, nazo hunasa unyevu na kuharakisha kutu kwenye bawaba, vitasa, nondo za madirisha na hasa mtambo wa nje wa kiyoyozi. Kwa hiyo mkataba usiotaja ni nani atakayegharimia matengenezo hayo, mimi nisingeusaini. Aidha, baadhi ya wenye nyumba hupendelea wageni wa msimu, na mpangaji wa kudumu huweza kutakiwa kuhama watalii wanapoanza kuingia.

Nyumba ya ndani hukosa mandhari, na majengo ya mbele huweza kuuzuia upepo. Hata hivyo, chumvi hewani hupungua kadiri mtu anavyouacha ufuko. Kwa familia inayokusudia kukaa miaka mingi naipendelea hii, mradi ikaguliwe kwanza wakati wa mvua, kwa sababu baadhi ya mitaa ya nyuma iko bondeni na maji hutuama huko.