Chevelle ya 1969: nimetoa Powerglide, nimeweka Tremec ya gia tano. Uzoefu wangu

Gari lenyewe ni Chevelle Malibu ya 1969, milango miwili, injini ya V8 ya inchi za ujazo 350. Lilikuja kwangu likiwa na giaboksi yake ya zamani ya otomatiki, Powerglide, ambayo Chevrolet waliitumia kuanzia 1950 hadi 1973. Kwa uimara sina neno nayo. Tatizo ni kwamba ina gia mbili tu. Ukiwa na V8 ya ukubwa ule halafu gia mbili, ni sawa na fahali aliyefungwa kamba fupi.

Sasa ndani kuna Tremec TKX ya gia tano za mkono, klachi ya hidroliki, propela mpya (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) na difu mpya, yaani gia za ekseli ya nyuma, yenye uwiano wa 3.73. Niko Houston, na barabara ninayoitumia zaidi kulijaribu ni ile I-10 ya kwenda San Antonio, karibu maili 200 za kukanyaga mwendo mmoja bila kona ya maana. Kwa hiyo ninachoandika hapa ni cha mtu anayeendesha gari, si cha mtu wa kulipeleka kwenye maonyesho juu ya trela.

Hukumu yangu naitoa mapema: TKX ni giaboksi nzuri kweli, na ningeinunua tena. Lakini kilicholifanya gari hili liwe tamu si giaboksi peke yake. Ni hesabu iliyofanyika kabla ya kutoa hela, na vipimo ambavyo wauzaji wa vifaa hawavitaji kwenye matangazo yao.

Tuanze na hesabu, maana hapa ndipo hela za watu huungua. Chukua uwiano wa gia, zidisha na uwiano wa difu, utapata injini inazunguka mara ngapi kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Gia ya kwanza ya Powerglide ni 1.76 au 1.82, kutegemea injini iliyofungwa nayo. Difu yangu ya zamani ilikuwa 3.08. Hapo unaondoka kwenye taa na kama 5.5 tu, ukiomba torki konveta, kile kifaa cha oili kinachounganisha injini na giaboksi ya otomatiki, ikubebe. TKX niliyochukua gia ya kwanza ni 2.87, na kwa difu ya 3.73 unapata 10.7. Karibu mara mbili! Injini ni ileile, kabureta ni ileile, hata plagi sijagusa, lakini mtu akikaa ndani anadhani nimefungua injini.

Upande wa barabara kuu, tairi zangu zina kimo cha inchi 26. Kwa maili 70 kwa saa, yaani kama kilomita 113, difu ya 3.73 kwenye gia ya nne ambayo ni moja kwa moja (1.00) inaifanya injini izunguke karibu mara 3,370 kwa dakika. Huwezi kuvumilia kelele hiyo hadi San Antonio. Gia ya tano ya 0.68 inashusha kishale cha mizunguko hadi kwenye 2,300. Zamani na Powerglide nilikuwa 2,800 na ushee. Kwa hiyo nimepata nguvu ya kuondokea na utulivu wa safari kwa pamoja, jambo ambalo kwa gia mbili halikuwezekana hata ungebadilisha difu mara kumi.

Na hapa nina ushauri ambao ungemwokolea mtu maelfu ya dola. TKX inauzwa kwa mipangilio tofauti ya gia. Kuna huu wangu wa 2.87, na kuna mwingine ambao gia ya kwanza ni 3.27 na ya tano ni 0.72. Kama difu yako ya 3.08 bado nzima na huna mpango wa kuigusa, chukua huo wa 3.27: gia ya kwanza inakupa 10.1, na kwa maili 70 unazunguka kama mara 2,000 tu. Gari linakuwa jepesi mjini na kimya safarini bila kufungua difu. Ila ukiuchanganya huo wa 3.27 na difu ya 3.73, gia ya kwanza inakuwa fupi mno. Unaingiza, unatoa, hujafika popote. Nimeona watu wananunua giaboksi mwaka huu na difu mwaka ujao, kila kimoja kwa sababu yake, halafu wanalalamika kwamba gari halina raha.

Kuhusu TKX yenyewe. Ilitoka mwishoni mwa 2020 kuchukua nafasi ya giaboksi yao ya awali, TKO, na Tremec ni kampuni ya Querétaro, Mexico. Imekadiriwa kubeba torki (nguvu ya kuzungusha) ya futi-pauni 600, ambayo 350 yangu haitaifikia hata kwa ndoto. Umbo lake limepunguzwa ili lipenye chini ya sakafu za magari ya miaka ile bila kubomoa sana. Inakubali waya wa spidomita wa zamani na pia ya umeme, na mkono wa gia unaweza kuuhamisha mbele au nyuma ili utokeze mahali unapotaka. Oili yake ni ya otomatiki, aina ya Dexron III. Usiweke oili nzito ya difu ukidhani ndiyo ulinzi zaidi, gia zitakuwa ngumu.

Nilifikiria pia 700R4, otomatiki ya gia nne ya GM, kampuni mama ya Chevrolet, iliyoanza 1982. Gia ya kwanza 3.06, ya nne 0.70, na kwa mtu asiyetaka klachi kwenye foleni ni chaguo la akili. Ila ina kebo inayotoka kwenye kabureta ambayo ikirekebishwa vibaya presha ya oili inakuwa ndogo na giaboksi inaungua. Muncie, giaboksi ya mkono ya gia nne ya wakati ule, nayo ni nzuri kwa wanaopenda gari libaki kama lilivyozaliwa, lakini haina gia ya kupumzisha injini barabarani.

Kifurushi nilichoagiza kiliandikwa kuwa kimekamilika. Muuzaji simtaji, lakini kukamilika kwake kuna mashaka: gari la otomatiki halina pedali ya klachi, na mabano ya pedali hayakuwemo. Hayakuwemo pia maelezo kwamba sakafu ya gari la otomatiki haina tundu la mkono wa gia, kwa hiyo utashika grainda ukate. Kama huna moyo wa kukata bati la 1969, mwachie mwingine akate wewe ukiwa ndani unakunywa chai.

Sasa kipimo ambacho nadhani ndicho kilichoamua kila kitu. Kati ya injini na giaboksi kuna bel hauzingi, ganda la chuma linaloviunganisha, na tundu lake la nyuma linatakiwa likae sawasawa na kitovu cha krankshafti, shafti kuu ya injini. Likikaa pembeni, shafti ya kuingilia ya giaboksi inavutwa upande kila inapozunguka. Beringi zinaliwa, gia zinakataa kuingia, na lawama zote zinaangukia giaboksi. Tulifunga geji ya sumaku kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), ile geji yenye uso kama wa saa inayosoma elfu za inchi, ncha yake ikigusa ukingo wa tundu. Rafiki yangu, kijana wa Bukavu mwenye mkono mtulivu kuliko wangu, akawa anazungusha injini polepole kwa spana nami natazama mshale. Ukapanda, ukasimama, ukarudi. Tofauti ilikuwa inchi 0.015. Igawe kwa mbili: kitovu kimehama elfu saba na nusu za inchi, na kiwango kinachotakiwa ni kisizidi 0.005.

Dawa yake ni pini ambazo kitovu chake kimehamishwa kidogo pembeni, zinazochomekwa nyuma ya bloku badala ya zile za kawaida. Zinauzwa kwa vipimo vya inchi 0.007, 0.014 na 0.021. Tukaweka za 0.007, tukazizungusha taratibu kwa bisibisi, mshale ukabaki unatikisika tu mahali pamoja. Ni pini mbili ndogo za bei ya mlo wa mchana. Ninayemfahamu aliyeruka hatua hii alifungua giaboksi mpya ndani ya mwaka.

Propela ndiyo iliyonipa hasira. Ya zamani haifai, kwa sababu mkia wa Powerglide una meno 27 na wa TKX una meno 31, na urefu nao haulingani. Karakana moja hapa mjini ikanitengenezea mpya ya chuma. Mpaka maili 60 gari shwari, ukipita hapo kioo cha nyuma kinatetemeka huoni aliye nyuma yako. Niliwarudishia, wakaipima tena, wakasema iko sawa na tatizo ni tairi. Karakana ya pili waliiweka juu ya meza bapa na kuitazama tu: masikio ya mbele na masikio ya nyuma, yale yanayoshika krosi (viungo vinavyoiruhusu propela ijipinde), hayakuchomelewa kwenye mstari mmoja. Waliyakata, wakayapanga, wakachomelea upya na kuibalansi. Lipa mara mbili kwa kazi moja.

Halafu pembe. Giaboksi inainama nyuma kwa digrii kadhaa, na pinioni ya difu, gia ndogo inayopokea nguvu ya propela, inatakiwa iinuke kwa digrii zilezile ili krosi mbili zifutiane mtikisiko. Anayejua Land Cruiser iliyoinuliwa springi halafu ikaanza kutetemeka anajua ninachosema. Kwenye Chevelle difu inashikwa na mikono minne, miwili ya juu na miwili ya chini, na pembe ya pinioni unairekebisha kwa kubadilisha urefu wa ile ya juu. Nilinunua ya kurefushwa na kufupishwa. Pima gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake wote. Likiwa kwenye jeki na magurudumu yananing'inia, namba zote ni uongo.

Difu ya zamani ya boliti 10, ya inchi 8.2, niliitoa kwa sababu sikuiamini na torki ya gia ya kwanza mpya. Nimeweka ya boliti 12, ambayo kraun yake, gia kubwa ya duara, ni inchi 8.875 na ndiyo GM waliyofunga kwenye Chevelle za SS 396, zile za injini kubwa. Ndani kuna Eaton Truetrac, inayogawa nguvu kati ya tairi mbili kwa kutumia gia badala ya sahani za msuguano. Sahani hazipo, kwa hiyo hakuna cha kuchakaa upesi wala dawa ya kuongeza kwenye oili, na Eaton wanapendekeza oili ya kawaida ya madini, si ya sintetiki. Kasoro yake: tairi moja likiwa hewani kabisa inafanya kama difu ya kawaida, mpaka uguse breki kidogo. Wapo waliosema niweke ya Ford ya inchi 9. Ni ngumu sana ile, sibishi, ila Ford ndani ya Chevrolet kwangu ni kama kukosa adabu.

Kuendesha sasa. Maili 500 za kwanza nilikwenda kwa upole mjini, klachi izoee na kraun ishikane na pinioni, bila kukanyaga hadi chini. Baada ya hapo, gia zinaingia fupi na kwa uhakika. Asubuhi ya baridi gia ya pili ni nzito mpaka oili ipate moto, hilo lipo. Klachi ya hidroliki ni laini kuliko nilivyotarajia, hata mke wangu ameiendesha hadi sokoni bila kunung'unika. Gari likiwa limesimama, injini inazunguka polepole na klachi imeachiwa, kuna mlio mdogo wa gia kugongana. Siuhesabu kuwa ubovu. Nilipomchukua yule kijana wa Bukavu kwenda I-10, nikaweka ya tano na injini ikashuka sauti, akacheka: "Yaya, sasa ni gari!" Yaya kwao ni kaka.

Gharama: giaboksi yenyewe ilikula dola 3,000 na ushee. Ukijumlisha bel hauzingi, klachi, pedali, propela niliyoilipia mara mbili na vidude vidogo, ilikaribia maradufu. Difu ilikuwa hesabu nyingine ya ukubwa uleule. Powerglide niliiuza upesi kwa mtu wa mbio za robo maili, ambako gia mbili zinatafutwa hasa.

Kilichobaki ni breki. Zote nne bado ni za ngoma, za 1969, na gari linafika kwenye taa nyekundu mapema kuliko zilivyozoea. Diski za mbele nimeshaagiza, na mpaka zifike naliendesha mbali na magari ya mbele.