Kozi ya kifo ya Profesa Shelly Kagan: maoni ya aliyeisikiliza hadi mwisho

Nianze na hukumu yangu, ili mwenye haraka asimalize bando bure. Ukitafuta faraja, kozi hii siyo yako. Ukitaka mwalimu anayefikiri kwa sauti, anayekuambia mapema anakokupeleka kisha akakuonyesha kila kituo unachoweza kushukia, basi katika vitu vya bure sijakutana na kingine kinachoifikia.

Inaitwa Kifo, basi. Kagan ni profesa wa falsafa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Mapema mwaka 2007 alipokuwa akiifundisha, chuo kiliirekodi na kuiweka mtandaoni chini ya mradi wao wa Open Yale Courses. Mihadhara ni 26, kila mmoja hauzidi saa moja. Kuna video, kuna sauti tupu ya kupakua, na kuna maandishi ya kila alichosema darasani. Hujisajili, hulipi, na cheti hupewi. Mimi nilichukua sauti kwa sababu ni nyepesi, nikawa nasikiliza kwenye daladala nikienda na kurudi kazini.

Nimefika kwake nikitokea upande wa pili. Nilisoma falsafa seminari kuu kabla sijaacha njia ya upadre na kwenda kufundisha sekondari. Huko falsafa hutangulia teolojia, na sehemu kubwa tuliipata kwa imla: mwalimu anasoma, sisi tunaandika, mtihani ukija tunamrudishia maneno yake. Roho haifi kwa sababu haina sehemu, na kisicho na sehemu hakiwezi kusambaratika. Hoja hiyo niliiandika vizuri sana kwenye mtihani. Hakuna aliyeniuliza kama ninaielewa, na kwa kweli mimi mwenyewe sikujiuliza.

Kagan haamini kwamba roho ipo. Halifichi hilo, analitaja katika mhadhara wa kwanza kabisa, pamoja na mengine ya kumshtua mtu aliyelelewa kanisani au msikitini: kwamba kifo ndio mwisho wetu, kwamba kuishi milele si jambo la kutamani, kwamba hofu si namna sahihi ya kukipokea kifo, na kwamba yapo mazingira ambamo kujiua kunaweza kuwa na sababu za kiakili na hata za kimaadili. Kisha anawaambia wanafunzi kwamba hatajifanya refa. Atavuta upande wake, na wao wana kazi ya kupima kama kamba inawafikisha. Nilikaribia kuzima simu. Nashukuru foleni ilikuwa ndefu.

Sehemu iliyonikamata ni pale wanaposoma Phaedo, kitabu cha Plato, mwanafalsafa wa Kiyunani, kuhusu siku ya mwisho ya mwalimu wake Sokrate gerezani kabla hajanywa sumu mwaka 399 kabla ya Kristo. Sokrate anawaambia rafiki zake kwamba roho haionekani, na visivyoonekana haviharibiki, kwa hiyo roho haiharibiki. Simmias, mmoja wa rafiki hao, anampinga: mlio mtamu wa kinubi nao hauonekani, lakini kinubi kikivunjwa, mlio umekwisha. Seminarini tuliruka hapo mbio, tukaambiwa pingamizi hilo ni dhaifu. Kagan anakaa nalo. Anauliza, "haionekani" maana yake nini? Ikiwa ni kutoonekana kwa macho tu, Simmias ameshinda. Ikiwa ni kutokamatwa na mlango wowote wa fahamu, Sokrate anapona kidogo, maana mlio tunausikia. Lakini Kagan anamletea mawimbi ya redio, ambayo hatuyaoni, hatuyasikii wala kuyanusa, na bado yanaweza kuzimwa. Basi tuseme ni kutogundulika kwa njia yoyote ile. Hapo mawimbi yanatoka kwenye hesabu, kwa kuwa redio inayagundua. Ila sasa tatizo limehamia upande wa pili: je, roho haigunduliki? Kama ndiyo inayoufanya mwili useme na kutembea, basi tunaigundua kila siku kupitia mwili huo.

Bado naamini roho ipo. Tofauti ni kwamba sasa najua ni kipande gani cha hoja yangu ya zamani kimeoza, na najua kwa nini. Mwalimu asiyekubaliana nami amenifanyia kazi ambayo waliokubaliana nami hawakuifanya. Hilo kwangu ndilo linaloibeba kozi nzima.

Kuhusu namna yake. Anapanda juu ya meza na kukunja miguu kama mtu aliyekaa mkekani, na jinzi yake, na viatu vya michezo. Nilipofungua video ya kwanza nilidhani ni mbwembwe. Kisha nikazoea, na nikaona kuwa mkao huo unamsaidia, kwa sababu hoja ikimchemka anashuka, anazunguka, anapiga kelele, anaandika ubaoni kwa mwandiko mbaya, anarudi kukaa. Picha ya profesa aliyekunja miguu imemfanya ajulikane sana China na Korea Kusini, mbali kabisa na darasa lake. Anataka aitwe Shelly. Sisi tuliozoea "Dokta" na "Padre", na kusimama mwalimu akiingia, hilo linahitaji muda kulimeza.

Wanafunzi wake wenyewe wanasemaje? Anakiri mbele yao kwamba anasifika kwa kubana maksi, na anatumia dakika nyingi kuwaeleza kila gredi ina maana gani kwake, ili atakayelia baadaye awe alionywa. Hataki madesa. Wanaandika insha fupi tatu, na anachotafuta ndani yake ni hoja, siyo kumbukumbu ya alichosema yeye. Ningekuwa darasani mwake mwaka wangu wa kwanza, kwa mtindo wangu wa kukariri, ningelamba sup, mtihani wa marudio, bila shaka.

Katikati kozi inapinda na kuwa ndefu kupita kiasi. Ni ile mihadhara ya kuuliza ni nini kinachokufanya wewe uwe wewe: mwili, roho, au tabia na kumbukumbu zako. Mfano wake maarufu ni wa mtu anayeamka jimbo la Michigan akiwa na kumbukumbu na tabia za Napoleon. Je, ni Napoleon? Na wakiamka wawili, mmoja Michigan, mwingine New York? Inachekesha, na inauma kichwa. Nilimsimulia mama mkwe, mtu wa Pemba, naye hakuona fumbo lolote. Alitaka kujua kwanza ni pepo wa kabila gani na kama ameshafanyiwa ngoma. Baada ya akili kuhamishwa, ubongo kugawanywa nusu kwa nusu na watu kurudufiwa, nilianza kuruka dakika. Sijuti.

Anarudi kwa nguvu anapouliza kwa nini kifo ni kibaya. Epikuro, mwanafalsafa wa Kiyunani wa kale, alisema kifo hakituhusu: tukiwepo chenyewe hakipo, kikija sisi hatupo. Kagan anajibu kwamba ubaya wake ni kunyimwa, yaani mema ambayo ungeyapata kama ungeendelea kuishi. Kisha, na hapa ndipo nampendea, anajiletea mwenyewe swali gumu la Lukretio, mshairi wa Kirumi aliyemfuata Epikuro: mbona hatuhuzuniki kwa miaka isiyo na idadi kabla hatujazaliwa, ambayo nayo tuliyakosa mema yale yale? Anapitia majibu ya wanafalsafa mmoja baada ya mwingine na hakuna linalomtosheleza kabisa. Anakubali kwamba fumbo bado lipo, na kengele inalia.

Lawama yangu kubwa iko hapo hapo. Katika hesabu yake, anayenyimwa ni marehemu peke yake. Wafiwa hawamo. Ni kweli alitangaza mwanzoni kuwa hatagusa majonzi wala mila za mazishi, akiwaachia watu wa saikolojia na sosholojia. Lakini kwetu jambo hili ni falsafa pia. John Mbiti, Mkenya, aliandika mwaka 1969 kwamba katika fikra za jamii nyingi za Kiafrika aliyekufa hatoki mara moja: maadamu wapo walio hai wanaomkumbuka kwa jina, bado yumo katika sasa, na hadi wa mwisho wao afe ndipo anapozama katika zamani. Unaweza kumpinga Mbiti, wapo Waafrika wenzake waliompinga vikali. Ila mtu wa namna hiyo, ambaye kuwepo kwake kunashikiliwa na wengine, hakualikwa Yale hata aje apigwe hoja. Kwa kozi inayouliza mtu ni nini na anakoma lini, hilo ni pengo.

Kuna simulizi moja ambalo mawimbi ya redio na Napoleon haviwezi kulifunika. Kuelekea mwisho Kagan anamkumbuka mwanafunzi aliyewahi kuisoma kozi hii akijua anakufa. Aligunduliwa saratani mwaka wa kwanza, akaambiwa huenda amebakiwa na miaka miwili hivi, akajiuliza aitumie vipi, akaamua anachotaka ni kumaliza chuo. Muhula wake wa mwisho akachagua darasa hili, akae asikilize mtu akisema hakuna roho. Ugonjwa ulimzidi kabla ya muhula kwisha, na Yale ikatuma kiongozi wake nyumbani kwake ampe shahada akiwa kitandani. Kagan analisimulia bila kupamba, kisha anaendelea na somo.

Angalizo moja la dhati. Mihadhara mitatu ya mwisho, 24 hadi 26, ni kuhusu kujiua, na anaichambua kwa michoro ubaoni kama mtu wa hesabu. Yeye mwenyewe anaonya kwamba aliye katika dhiki hupima vibaya. Kama uko kwenye kipindi kizito, iache kabisa na utafute mtu wa kuzungumza naye. Na kama msiba bado mbichi nyumbani, hata mihadhara ya mwanzo ingoje.

Kiingereza chake ni cha mwendo kasi, kwa hiyo fungua maandishi pembeni. Asiye na muda aanze na ya Plato, aruke Napoleon, aingie kwa Epikuro. Nyota nne. Ule mhadhara wa mawimbi ya redio nimeshaupeleka kwa kidato cha sita kwenye kipindi cha GS (General Studies), nikawaeleza kwa Kiswahili. Walibishana hadi kipindi cha Jiografia kikaliwa, na mwenzangu wa Jiografia bado hajanisamehe.