Chemsha bongo ya Ijumaa Mtwara: pweza tumeukosa kwa pointi moja

Wana chuo mliopo Mtwara, kama Ijumaa huna ratiba, kuna kibanda cha chipsi karibu na hosteli wanafanya chemsha bongo kuanzia saa mbili usiku. Kiingilio buku kwa kichwa, timu watu wanne, washindi wanakula sahani ya pweza na chipsi bure.

Maswali yamenikosha aisee, maana hawaulizi mambo ya Ulaya tu. Liliulizwa lile dude la mifupa ya dinosaria lililosimama makumbusho ya Berlin limetoka wapi, madogo wa Dar wanaangaliana tu, kumbe ni Tendaguru hapo Lindi, Wajerumani walichimba 1909 hadi 1913 na wapagazi wetu wakaibeba ile mifupa kwa miguu mpaka bandarini Lindi. Likaja la mwaka Kilwa Kisiwani ilipoingia Urithi wa Dunia, 1981, hilo nilipata mimi nikapigiwa makofi.

Sasa tatizo. Mji mkuu wa Australia tukaandika Canberra, mwendeshaji anasema Sydney, tukabishana weee mpaka mshkaji akamwonyesha kwenye simu, jamaa anajibu "karatasi yangu imesema hivyo". Tumekosa pweza kwa pointi moja! Halafu spika inakoroma, ukikaa karibu na jiko husikii swali, unasikia mafuta tu.

Chipsi ni za moto, kachumbari sio ya kubania. Nyota tatu, ya nne naishikilia mpaka wachane ile karatasi.