Kisu au Waya: Kutoa Kioo cha Pembeni Kisichofunguka

Kioo kidogo cha pembeni cha gari kisichofunguka hushikwa kwa gundi, na fundi wa Dar es Salaam hukitoa kwa kuikata gundi hiyo kwa kisu au kwa waya. Kisu ni cha haraka na humtosha mtu mmoja, lakini ncha yake ikigonga ukingo, kioo chote huweza kusambaratika, na ikikwaruza rangi, bati hushika kutu chini ya gundi mpya, hasa katika hewa hii ya chumvi ya pwani. Waya huhitaji watu wawili, mmoja ndani na mwingine nje, wakiuvuta kwa zamu taratibu. Mimi ningeuchagua huo. Wakati wa kukirudisha, iachwe tabaka nyembamba ya gundi ya zamani, kisha ipakwe gundi mpya ya poliurethani, ambayo huganda kwa unyevu wa hewa.